Mwaka Nilioogopa Kwenda Choo

Juzi nilikuwa nikisugua bafu nyumbani kwangu. Nikamimina ndani ya ndoo ile dawa ya kuua viini ambayo ukiitia majini, maji hugeuka meupe kama maziwa. Harufu ilipopanda tu, tumbo langu likakaza. Mimi ni mtu mzima. Nina watoto, nina choo cha ndani chenye taa na mlango wa kufunga, na bado tumbo lilikaza kama la mtoto aliyesikia anaitwa. Ilibidi niweke brashi chini, niketi, nisubiri lilegee lenyewe.

Wenzangu wa rika langu wakikumbuka utoto husimulia michezo na mvua. Mimi, nikirudi nyuma kabisa, kitu cha kwanza kukutana nacho ni hofu, na hofu yenyewe ni ya choo.

Tulikaa Kitale, katika ploti yenye vyumba vya mstari mmoja, karibu na msikiti. Baba aliuza viatu vya mitumba, akiyafuata masoko: leo Kachibora, kesho Kamukuywa, lakini Ijumaa lazima awe mjini aswali. Mama alishona nguo nyumbani. Nilikuwa binti yao wa pekee, bado niko shule ya nasari, na jioni nilikwenda madrasa. Mlango uliofuata aliishi Mama Njeri, mwanamke Mkikuyu mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Mama yangu akichelewa sokoni, huyo ndiye aliyenilisha.

Choo cha ploti kilikuwa nyuma, kando ya ua wa miiba. Kilikuwa cha mabati, na sakafu yake ilikuwa mbao zilizolazwa juu ya shimo, tundu likiachwa katikati. Ukikanyaga mbao zililia. Sikumbuki kama nilikiogopa hapo mwanzo. Mama alikuwa akinishika mikono yote miwili nikachuchumaa, akaniimbia nikamaliza, akaninawisha kwa birika, tukatoka.

Kisha Mama akaniambia kwamba ana mtoto tumboni. Aliuchukua mkono wangu akauweka chini ya kitovu chake, mahali palipoanza kufura.

"Ameingiaje?" nikauliza.

"Mungu ndiye alimweka."

"Na atatokea wapi?"

Mama alicheka, akaendelea kukata uzi kwa meno. "Njia yake iko."

Mimi nilijua njia moja tu ya vitu vya tumboni kutoka. Sikuuliza tena, kwa maana niliona nimeshaelewa.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda cha Mama na Baba kitupu. Mama Njeri ndiye aliyekuja kunivalisha. Akaniambia Mama amepelekwa hospitali na atarudi, akanipa chai na mkate, akaniketisha kwenye kigoda karibu na jiko lake. Mwanamke mwingine wa ploti akaja kuuliza habari. Wakaongea juu ya kichwa changu, kama watu wazima wanavyofanya wakidhani mtoto anayekula hasikii.

"Hata hospitali hakuwa amefika," Mama Njeri alisema. "Ni hapo tu choo. Alienda, tumbo ikamkata, mtoto akatoka."

"Ngai! Mungu wangu! Ikaenda hivyo?"

"Ikaenda hivyo. Ni kushukuru Mungu yeye hakuenda nayo."

Kisha Mama Njeri akachukua ndoo ya maji meupe na ufagio mgumu, akaenda nyuma ya ploti. Nilisikia akisugua mbao kwa muda mrefu. Harufu ya dawa ikatufikia pale jikoni, nikashindwa kuumeza mkate uliokuwa mdomoni.

Nilichoelewa ni hiki. Mama alikwenda choo kama tunavyokwenda sote. Alijikamua. Badala ya kutoka kile kinachotoka, akatoka mtoto, akaanguka shimoni. Na Mama mwenyewe nusura aende naye, yaani atoke, aishe, amezwe na lile tundu. Ndugu yangu alikuwa kule chini, gizani, na nzi.

Mama aliporudi, tumbo lake lilikuwa limelala. Nilipoweka mkono pale nilipozoea kuuweka, aliuondoa polepole, akageukia ukutani. Hakuna aliyenieleza kitu. Na kuna jambo moja nililiona ambalo pengine hakuna mwingine aliyelitilia maanani: Mama hakukitumia tena choo chetu. Alijaza birika, akajitanda leso, akazunguka kwenda choo cha ploti ya pili. Mtu akimuuliza alisema chetu kina nzi wengi. Nikasema moyoni, hata Mama anaogopa. Basi ni kweli.

Kukojoa sikuona taabu. Nilikojoa nyuma ya bafu, pale maji machafu yalipopitia. Lakini ile haja nyingine iliponijia, nilisimama nyuma ya mlango wa chumba, nikakanyaga kwa ncha za vidole, nikabana miguu, nikashika nguzo ya kitanda hadi viganja vikalowa jasho. Nilihesabu nyufa za ukuta. Haja ilikuja kama wimbi, ikanisukuma, kisha ikarudi. Ikisharudi nilipumua, nikaenda kucheza. Niliona nimejiokoa.

Watu wazima hudhani mtoto anayebana hivyo ni mkaidi. Laiti wangejua kazi ile. Siku nzima unasikiliza mwili wako mwenyewe kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi.

Siku ikafika nikashindwa kubana. Ilikuwa uani, nyuma ya tangi la maji. Kilichotoka kilikuwa kigumu kama jiwe, kikanichana. Nilipiga yowe, na nilipotazama chini nikaona damu. *Damu.* Sikumwita mtu. Nilifukia kwa mchanga, nikaingia chumbani nikajilaza chini ya kitanda. Nilikuwa na hakika nimeanza kutoka. Leo kipande, kesho mguu, keshokutwa mimi mwenyewe. Tangu hapo nilibana kwa nguvu zangu zote.

Tumbo likafura, likawa gumu. Chakula kilinichukiza. Mama alinikaanga mayai, akanichemshia uji wa wimbi, nikaonja vijiko viwili nikasema nimeshiba. Nilifikiri nisipokula hakutakuwa na cha kutoka. Kisha ukaja ule msiba wa pili, ambao sikuuelewa kabisa: nilianza kujinyea bila kujua. Nimebana kila kitu, sijasikia haja yoyote, lakini suruali ya ndani imelowa uji wa kahawia unaonuka. Niliogopa kuliko mwanzo. Nilidhani sasa tumbo limetoboka.

Nilizificha zile nguo. Nilizisukuma nyuma ya kabati, nikazitia ndani ya gunia la vitambaa vya Mama. Alipozifumania kwa kufuata harufu, alinipiga kofi la mgongoni.

"Wewe ni mtoto mkubwa! Mbona unafanya hivi? Si ungesema unataka kwenda?"

"Sikujua."

"Ati hukujua! Mtu anajinyea bila kujua?"

Ilikuwa kweli tupu, lakini hata mimi niliisikia ikiwa kama uongo.

Mahali palipoumiza zaidi ni madrasa. Tuliketi kwenye mkeka mmoja mrefu, mabega yakigusana. Jioni moja tukisoma kwa sauti, msichana wa pembeni yangu alisita, akavuta mtandio puani. Halafu wa pili. Kisomo kikakatika kuanzia upande wangu hadi mwisho wa mkeka. Mwalimu hakunifokea. Alikuja, akanitazama, akasema kwa utulivu, "Nenda nyumbani uoge, mama. Mkeka huu una najisi, tutaufua." Wavulana wakaruka juu kama waliomwona nyoka. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimeshika nyuma ya buibui langu dogo. Sikulia. Nilikuwa nikiwaza juu ya lile neno, najisi. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mwenye najisi hawezi kuswali, na asiyeswali tulifundishwa pia anakokwenda. Kumbe nilikuwa na mashimo mawili ya kuogopa.

Shule zilipofungwa, Mama alinipeleka kwa mama yake, Bungoma. Sisi humwita bibi Kukhu. Alikuwa na shamba la mahindi na migomba, na alinipenda kwa namna ya watu wasiosema sana. Aliponiona nikishuka alinivua gauni pale pale uani, akagonga tumbo langu kwa vidole kama mtu anayejaribu mtungi.

"Hii tumbo imefunga," akamwambia Mama. "Huyu mtoto ataharibika. Reta sabuni."

Kukhu alisema "reta" kwa leta na "kura" kwa kula, kama watu wa kwao, na siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilimwona akikata kipande cha sabuni ya bar na kukichonga kwa kisu, chembamba kama kidole, akikilainisha kwa maji, dawa ya kienyeji ya kufungua choo. Jirani yake, mwanamke wa mikono minene, akaja kusaidia. Wakanilaza juu ya mkeka, mmoja akanishika miguu.

"Kaa sawa tu, itatoka yote mara moja," jirani akasema.

Itatoka yote. Nilisikia hilo tu. Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilirusha mateke, nikapiga mayowe hadi kuku wakatawanyika, nikamng'ata Kukhu mkono, mimi ambaye sikuwahi kumwinulia mtu sauti. "Msinitoe! Msinitoe!" Nilirudia hivyo tu. Kukhu alisema, "Ushetani gani huu?" lakini hakuniachilia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona kichwa chini miguu juu, maana nilikuwa nimelazwa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, mwacheni," akasema.

"Atakufa na hii kitu ndani!"

"Nimesema mwacheni. Huyu si mkaidi. Huyu anaogopa."

Alinifunga kwa leso yake, akaniketisha mapajani. Hakuniuliza kitu hadi nikalala.

Kesho yake tukaenda zahanati. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alipotaka kunigusa tumbo nilijikunja. Hakunilazimisha. Aliniambia niuweke mkono wangu mwenyewe juu ya tumbo, kisha akauweka wake juu ya wangu, tukabonyeza pamoja. Chini ya vidole nilihisi mafundo magumu, kama viazi ndani ya gunia.

"Unasikia hizo?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Hiyo ni choo iliyokauka. Imekaa sana."

Akamgeukia Mama, na maneno aliyomwambia nayakumbuka kwa sababu Mama aliyarudia mara nyingi miaka iliyofuata. "Mama, huyu mtoto hajinyei kwa makusudi. Njia imezibwa na choo kigumu, na ile laini inapenya kando inavuja. Yeye hasikii. Njia ikishavutika hivyo, haimwambii tena kwamba haja imefika. Ukimpiga, unampiga kwa kitu asichokijua."

Mama alitazama mikono yake.

"Nilimpiga," akasema.

"Wengi hupiga. Sasa usipige." Daktari akavaa miwani, akaanza kueleza dawa. Halafu akasita, akaniinamia. "Lakini mwanzo wake ulibana kwa nini? Iliuma?"

Nikavuta uzi wa pindo la gauni.

"Kuna kitu unaogopa huko choo?"

Nilimtazama Mama. Nilijua nikisema nitamuumiza, ingawa sikujua kwa nini. Lakini tangu ile asubuhi ya chai na mkate, hapakuwa na mtu aliyeketi nami na kuniuliza ninaogopa nini.

"Mtoto wa Mama ako ndani," nikasema. "Aliangukia huko. Na mimi sitaki kuanguka."

Mama aliinuka, akatoka nje, akaacha mlango wazi. Nilianza kulia nikiamini nimeharibu. Daktari aliniacha nilie. Baada ya kitambo Mama akarudi, uso umeoshwa kwa maji ya bomba, akapiga magoti mbele ya kiti changu.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna mtu. Nilisikia."

"Hakuangukia huko. Unanisikia? Maumivu yalinishikia huko, ni kweli. Na damu ilitoka. Lakini mtoto nilimpokea kwa mikono yangu, na Mama Njeri akanipa kitambaa safi. Hakuanguka."

"Ako wapi?"

"Baba yako anajua," Mama akasema. "Mimi sijawahi kumuuliza."

Tulibaki kwa Kukhu hadi dawa ilipofanya kazi yake ya kwanza. Ilikuwa dawa ya maji, tamu, nzito kama asali, na siku za mwanzo nilipewa kwa wingi. Kukhu, mkono bado una alama ya meno yangu, aliniwekea beseni la plastiki nyuma ya migomba, mahali pasipo na shimo. Mama aliketi karibu nami akichambua maharagwe. Tumbo lilinguruma na kunikata, nikamshika shingo nikilia kwamba ninatoka, ninatoka, naye akawa ananiambia, "Niangalie. Uko hapa. Nimekushika." Ilipoisha aliniinua, akanionyesha kilichomo ndani ya beseni. "Tazama. Kuna mguu hapo? Kuna mkono?" Nilitazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na kitu changu chochote. Kukhu akacheka kwa mara ya kwanza, akakifukia kwa jembe.

Tuliporudi Kitale, Baba alikuwa ameketi mlangoni akipiga viatu rangi. Mama hakusubiri hata kuvua mtandio.

"Ulimzika wapi?"

Brashi ilisimama hewani. Baba alinitazama mimi, kisha akamtazama Mama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa miezi ile yalikuwa yamepungua zaidi.

"Nilidhani hutaki kujua," akasema.

"Huyu mtoto amekuwa akidhani ako chooni."

Baba aliweka kiatu chini. Akafunika macho kwa mkono uliojaa rangi nyeusi, na alipouondoa ilikuwa imempaka paji lote la uso. Akainuka. "Wanawake hawaendi mazikoni," akasema, "lakini leo si maziko. Twendeni."

Makaburini alitupeleka hadi ukutani, kwenye kituta kidogo ambacho ningekiruka kwa hatua moja. Nyasi zilikuwa zimeanza kukishika. Baba alisema alimbeba mwenyewe ndani ya shuka nyeupe, kwamba alikuwa mwepesi kama kiatu cha mtoto, na kwamba alichimba kaburi mwenyewe kwa sababu hakutaka mtu mwingine aione hiyo kazi. Mama alichuchumaa, akaanza kung'oa nyasi, moja moja. Mimi nikauliza kama kuna nzi chini humo. Baba akasema hapana, ni udongo tu, udongo mkavu, na kwamba amelala ubavu akielekea kibla kama watu wote.

Singependa kudanganya kwamba hofu iliishia pale kaburini. Hofu ya mtoto ina mizizi mirefu kuliko sababu yake. Niliendelea kunywa dawa kwa miezi mingi, hata baada ya Mama kuona nimepona na kutaka kuiacha. Daktari alikuwa amemwonya kwamba wengi huacha mapema na mtoto hurudi alikotoka. Kila baada ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni niliketi kwenye beseni langu, miguu juu ya kigoda, Mama akishona nguo kando yangu. Hakuna aliyenihimiza. Nikitoa, alisema, "Vizuri." Nikikosa, alisema, "Basi, inuka." Papai likawa chakula cha kila siku. Kulikuwa na wiki nzuri, na wiki ambazo nilirudia kusimama nyuma ya mlango kwa ncha za vidole, na siku ambazo nilijichafua tena nikamletea Mama nguo mwenyewe, nikisubiri kofi ambalo halikuja. Madrasa nilirudi nikakaa mwisho wa mkeka, peke yangu, muda mrefu kabla ya yule msichana wa mtandio kusogea karibu nami akiomba nimwonyeshe mahali tulipofikia.

Choo cha nyuma ndicho kilichokuwa cha mwisho. Ilikuwa mchana, jua kali, ploti imenyamaza kwa sababu watu walikuwa sokoni. Mama alikuwa amejaza birika. Nilidhani anakwenda ploti ya pili kama kawaida, lakini alisimama katikati ya uwanja, akayatazama yale mabati.

"Twende wote," akasema.

Mbao zililia tulipokanyaga. Kulikuwa na giza na joto, na lile tundu lilikuwa pale pale. Nilijikaza mwili mzima. Mama alisimama mbele yangu, mgongo mlangoni, akanipa mikono yote miwili kama zamani. Viganja vyake vilikuwa baridi na vimelowa. Hakuimba. Nilichuchumaa, nimefumba macho, nikasikia kitu kikiniacha na kuanguka mbali, chini kabisa. Nikangoja nikifuate. Sikukifuata.

"Imetoka?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Imetoka."

"Na wewe uko?"

Nilifumbua macho. Nikatazama magoti yangu, vidole vyangu ndani ya vyake, miguu yangu miwili juu ya mbao.

"Niko," nikamwambia. "Na wewe?"